Agosti maji, Januari pango

Mmeuliza wiki hii: maporomoko ya maji yatazamwe wakati wa mvua au wakati wa kiangazi? Mimi nilisoma Raipur, katikati ya India, na jibu langu linatoka Bastar, kusini mwa jimbo hilohilo la Chhattisgarh. Nilikwenda mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikwenda kichwakichwa.

Ilikuwa Agosti. Kutoka Raipur hadi Jagdalpur, mji mkubwa wa Bastar, ni kama kilomita 300, na njiani kuna mlima wa Keshkal wenye kona za kukuamsha hata kama umelala fofofo. Asubuhi tukakodi gari hadi Chitrakote, pale mto Indravati unapojimwaga kwenye genge lililopinda kama kwato ya farasi. Kimo si cha kutisha, mita 30 hivi. Kinachotisha ni upana. Mvua zikichanganya, maji hushika genge zima, karibu mita 300, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Tulisimama mbali na bado manyunyu yakatulowesha mashati, tukawa tunaongea kwa ishara kama mabubu. Mitumbwi ilikuwa imefungwa kando. Siku ile hakuna ambaye angethubutu kuishusha.

Mchana tukaelekea pango la Kutumsar, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kanger Valley. Nadhani dereva alijua, ila nauli ni nauli. Getini mlinzi hakufungua kinywa, alinyoosha kidole kwenye kibao: pango limefungwa. Mvua zikianza Juni maji huingia humo, na halifunguliwi mpaka zikatike, kwenye Novemba hivi.

Tukaishia Tirathgarh, humohumo hifadhini. Maji yanashuka mita 90 hivi kwa vidato, na watu huja mandari pale na watoto na vyakula vyao. Mama mmoja alituuzia bajia za pilipili kwenye kibakuli cha majani ya mti wa sal, miti iliyojaa misitu ya huko. Nilikigeuzageuza: majani yameshonwa kwa vijiti vyembamba vya mwanzi, hakuna uzi wala gundi, na chatine haivuji. Nilikuwa bado nakishangaa tumbili akanipokonya, bajia na kibakuli chake.

Nikarudi Januari. Chitrakote ilikuwa imepungua, imebaki mikanda mitatu minne ya maji meupe, mwamba mtupu katikati. Mtumbwi ulitupeleka hadi karibu na yanapoangukia. Kwa picha, hakuna zaidi. Lakini mimi niliyeyaona Agosti nilihisi kama nimekwenda kumjulia hali bondia hospitalini.

Pango sasa! Mlango ni mwembamba, unajipinda huku unashuka, msindikizaji yuko mbele na taa. Nilishaingia Amboni kule Tanga, nayo ni ya chokaa, nikadhani hakuna jipya. Nje tulivaa sweta, ndani tukazivua kwa fukuto. Matone yenye chokaa yamejenga nguzo, mengine yameganda ukutani kama pazia lililokunjwa. Kwenye dimbwi dogo msindikizaji akainamisha taa: visamaki vyeupe, vidogo kuliko kidole, vimekaa gizani vizazi na vizazi hadi macho yakafifia. Kisha akazima taa. "Bhaiya," akasema, yaani kaka, "sasa unaona wanachoona wao."

Kwa hiyo kwa Bastar jibu langu ni katikati: nendeni Novemba, mkishahakikisha pango limefunguliwa. Maji bado yana mwili na mitumbwi imeanza kurudi. Anayetaka maji peke yake aende Agosti, asiburuzwe hadi kwenye geti lililofungwa. Na bajia za Tirathgarh ziliweni garini, vioo vikiwa juu.