Mama yule na mikono yake

Mwanangu, salaam. Voisi yako ya juzi nimeisikiza mara tatu, ati umefika Berlin ukamuona mama wa shaba pale Neue Wache, jumba la kuwakumbuka waliokufa vitani, amempakata mwanawe maiti, ukatafuta picha nyengine za huyo msanii wa Kijerumani aliyemfanya, Käthe Kollwitz, ukaona kila ukifunua ni mama yule yule na mikono ile ile, ukaniuliza, mama, kwani hakuwa na kitu chengine cha kuchora?

Mwanangu alikuwa na kijana wake, Peter. Vita vilipoanza 1914 akataka kwenda mwenyewe, ana miaka 18 tu, lazima babake akubali, na baba hataki kabisa. Aliyemuombea ruhusa ni mamake. Oktoba hiyo hiyo akauawa Ubelgiji. Mimi nilipofika hapo niliweka simu chini, siku ile sikuendelea. Sasa itazame tena ile mikono inavyobana, ndo mikono ambayo hakumzuilia mwanawe.

Na linalonitisha zaidi, 1903 alishajichora kwenye kioo amemkumbatia mtoto aliyekufa, na aliyempakata siku hiyo ni Peter huyo huyo, wa miaka 7. Kwa hivyo picha ilikuwako kabla, vita vikaja vikaitia damu. Sanamu ya wazazi wawili wamepiga magoti ilimchukua miaka na miaka, mpaka 1932 ndo ikasimamishwa makaburini kule, na mtoto hamna. Vita vya pili, yuko miaka sabini na ushei, akachora tena mama amewafunika vijana watatu kwa koti, wao wanachungulia wataka kutoka naye amewabana. 1942 mjukuu wake, naye Peter, akauawa Urusi.

Nyanyako naye unamkumbuka alivyokuwa akishona mikeka, kila mkeka lazima utie ukili mmoja mweupe, haukutiwa rangi, wanunuzi walalamike wasilalamike. Siku nduguye alipochukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, alikuwa ndo anachemsha rangi, akakimbia kumuaga akaiacha ikaungua, miyaa ikabaki vile vile. Mjomba wangu huyo akapelekwa vitani Bama, yaani Burma, hakurudi. Sikuwahi kukwambia kwa sababu mwenyewe alinambia mara moja tu, usiku, umeme umekatika.

Ule mkeka ulioondoka nao hapa Mombasa hebu utandike leo, utazame karibu na pindo.