Pima Mchele, Kisha Pima Sufuria

Ukianza kuhesabu kalori, utakwama mapema sana kwenye swali hili: chakula kipimwe kikiwa kibichi au kikishaiva? Mimi napima mara mbili. Kila kiungo nakipima kibichi, halafu chakula kikiiva naipima sufuria nzima.

Tatizo lote ni maji. Gramu 100 za mchele zina kalori kama 360, lakini gramu 100 za wali mweupe zina kama 130 tu. (Pakiti ikiandika kcal, ndizo hizo hizo.) Hakuna kilichopotea jikoni. Mchele umekunywa maji, na maji hayana kalori. Maharage nayo ni hivyo hivyo: makavu yana 340 hivi, yaliyochemshwa karibu 130. Nyama inakwenda kinyume, kwa sababu motoni inatoa maji. Kidari cha kuku kisicho na ngozi kina kalori 120 hivi kwa gramu 100 kikiwa kibichi, na kama 165 kikishaokwa. Kuku hajanenepa ndani ya oveni, amekauka.

Sasa mtu apime gramu 300 za wali, halafu asome namba ya mchele: ataandika 1,080 badala ya 390, kisha alale njaa bure. Tambi pia zinahitaji uangalifu, maana namba za kwenye pakiti kwa kawaida ni za tambi kavu.

Tuchukue wali wa nazi wa familia. Mchele nusu kilo ni kalori 1,800. Tui zito gramu 200 ni kama 460. Jumla 2,260. Ukiiva, weka sufuria kwenye mizani, toa uzito wa sufuria yenyewe. Tuseme wali umebaki gramu 1,400. Gawanya 2,260 kwa 1,400, unapata 1.6 kwa kila gramu. Sahani yako ya gramu 300 ni kalori 480 hivi, na wengine wapakue watakavyo bila kusumbuliwa na hesabu zako. Uzito wa kila sufuria tupu nimeuandika kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Mama mkwe aliponikuta nazipima aliuliza kama naziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa ugali njia hii ndiyo pekee ninayoiamini. Majedwali yanatoa namba moja ya ugali, lakini wa kwenu ni mgumu, wa jirani ni laini, na tofauti yao ni maji. Unga nusu kilo una kalori zile zile uuzungushe mwiko utakavyo. Kwa hiyo shika namba ya unga, ugawanye kwa uzito wa ugali wako wa siku hiyo.

Mafuta ndiyo yanayoweza kuongeza kalori kweli wakati wa kupika, na ndiyo watu wanayoyasahau. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Nusu kilo ya mchicha mbichi ina kama 115, kwa hiyo ukiukaanga kwa vijiko viwili, mafuta yameizidi mboga mara mbili. Usimimine kutoka kwenye chupa kwa kukadiria kwa jicho. Weka chupa kwenye mizani kabla na baada ya kumimina. Kwa viazi au mihogo ya kukaanga, pima mafuta yaliyobaki kwenye karai yakishapoa. Yaliyopungua, hesabu kwamba mmeyala. Nyama choma inadondosha sehemu ya mafuta yake kwenye mkaa, lakini nyama ya kuchemsha inayaacha kwenye supu, na supu hiyo ukiinywa, hujaokoa chochote.

Kuna ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba wali wa kiporo unapoteza nusu ya kalori. Ni kweli wanga kidogo hubadilika ukipoa na kuwa mgumu kumeng'enywa, lakini si nusu, wala si kiasi cha kubadilisha hesabu zako.

Kwa mama ntilie siendi na mizani. Wali wake naukadiria kalori 1.5 kwa gramu, mchuzi naomba uwekwe kwenye bakuli la pembeni, na mafuta yanayoelea juu nayaacha humo humo.