Kumwingiza dume aliyehasiwa kwa majike: kwa mnaoanza kufuga simbilisi Tanga

Mtu akinunua majike watatu wa simbilisi, wakaanza kugombana, jirani humwambia atie dume aliyehasiwa watulie. Si uongo. Dume mmoja mtulivu hukata ugomvi wa majike, na yeye mwenyewe hapati upweke, maana simbilisi hakuumbwa kukaa peke yake. Ila siku ya kuwakutanisha ndiyo inayowashinda wageni wengi wa kazi hii, na sababu karibu kila mara ni moja: wanaogopa kelele, wanawatenganisha mapema, kesho wanajaribu tena, kesho kutwa tena. Kila ukiwatenganisha wanaanza upya kutafuta nani mkubwa, na unakuwa umewaongezea vita badala ya kuvipunguza.

Kabla ya hapo kuna mambo ya kuweka sawa, na la kwanza ni kujua dume amehasiwa lini. Usiridhike na “huyu kashahasiwa”. Mbegu hubaki kwenye mirija baada ya upasuaji, kwa hiyo dume aliyehasiwa juzi bado anaweza kutia mimba. Subiri wiki 6 kamili. Mimba kwa simbilisi si jambo la kuchukulia poa: jike ambaye hajawahi kuzaa hadi akapita miezi 6 au 7, mifupa ya nyonga yake hukaza, na mimba ya kwanza baada ya hapo inaweza kumuua wakati wa kuzaa. Mimba hukaa siku 59 hadi 72, na jike akishazaa anaweza kushika nyingine ndani ya saa chache tu. Watoto wa kiume nao wakifika wiki 3 watoe kwa mama na dada zao. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo, halafu banda linajaa.

Kagua pia hao “majike” wenyewe. Muuzaji anayefuga wote kwenye boksi moja hatakuambia nani ana mimba, na mara nyingine hata jinsia anakisia. Mgeuze mnyama taratibu, bonyeza kidogo juu ya sehemu ya siri. Wa kiume uume hutokeza. Na jike yeyote aliyetoka kwenye boksi la mchanganyiko mhesabu kuwa ana mimba mpaka ziishe siku 72 bila mtoto.

Kuhusu daktari. Madaktari wa mifugo wa kwetu mikono yao imezoea ng'ombe wa maziwa, mbuzi na mbwa, si vibaya, lakini muulize kama amewahi kumpasua mnyama mdogo namna hii. Akikuambia umlaze na njaa usiku wa kuamkia upasuaji, jua hamfahamu simbilisi. Mnyama huyu hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama kufanya kazi ndiyo hatari yenyewe. Anakula majani mpaka karibu na muda wa kupasuliwa, na akizinduka anapewa tena. Na dawa za vidonge au maji ya penisilini na amoksilini, zile zinazopatikana kila duka la dawa, usimpe kwa mdomo hata kama ziliwahi kumponya mwanao. Huua bakteria wazuri wa tumboni, na simbilisi hufa kwa hilo. Akirudi nyumbani mlaze kwenye kipande cha khanga safi badala ya maranda, vumbi lisiingie kidondani.

Wiki hizo 6 za kusubiri zina faida ya pili: unamchunguza. Manyoya yanayonyonyoka, kujikuna sana, mabaka ya fangasi, kupiga chafya, yote yaonekane na yatibiwe kabla hajagusana na wenzake. Wiki 2 za mwanzo mweke mbali kabisa. Baada ya hapo sogeza banda lake karibu na la majike ili waonane na kunusana, lakini acha nafasi kati ya wavu na wavu, au weka wavu mara mbili. Wavu mmoja wa kuku hauwazuii kupandana. Kuumana midomo kupitia wavu pia kupo.

Siku ya kukutana chagua kwa hali ya hewa. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, joto la kaskazi hapa pwani si lake. Likizidi nyuzi 27 au 28 anaanza kutaabika hata akiwa amelala, sembuse akifukuzwa huku na huku. Januari na Februari mimi nasema acha kabisa kama unaweza, subiri kusi. Usipoweza, fanya alfajiri au baada ya magharibi, na maji yawepo pembe mbili.

Mahali pasiwe kwa mtu yeyote kati yao. Usimtie dume kwenye banda la majike, wala jike kwenye la dume. Zungushia mbao ukumbini au kwenye baraza, eneo la ukubwa wa jamvi zima kwa wanyama wanne au watano, na likizidi hapo ni heri. Mwaga ukoka mwingi, si rundo moja bali vichungu vingi, kwa sababu mnyama anayetafuna hana muda wa kupigana. Maboksi ya kujificha toboa milango miwili, kila upande mmoja. Boksi la mlango mmoja ni mtego: aliyeingia akikimbia anafuatwa na kubanwa humo humo, na majeraha mabaya hutokea hapo.

Halafu watie wote, ukae chini, uangalie. Dume atatembea akitikisa kiuno huku akinguruma ndani kwa ndani, atawazunguka, atawapanda. Ndiyo, hata aliyehasiwa hupanda. Hakuondolewa tabia, ameondolewa uzazi. Majike watamkimbia, watampiga mateke, na jike aliyechoka naye atamrushia mkojo usoni kwa shabaha ya kushangaza. Watainua vichwa kushindana nani juu. Wataumana kidogo na kung'oana manyoya. Majike wenyewe kwa wenyewe wanaweza kuanza kugombea cheo upya. Haya yote yaache yaendelee, na acha yaendelee kwa saa nyingi.

Kinachohitaji mkono wako ni kingine: wawili wakisimama uso kwa uso, manyoya yamesimama shingoni, meno yanagongana kwa sauti kali bila kukoma, wanafunua midomo kuonyesha meno, kisha mmoja anaruka. Wakishabiringika pamoja kama mpira, au ukaona damu, watenganishe. Tumia kipande cha ubao au ufagio, au warushie taulo nzito. Mkono mtupu usiingize. Meno yale yanafika kwenye mfupa wa kidole, na aliyekuuma wala hakukusudia wewe.

Wakitulia, wakala pamoja na kuanza kujilaza, usiwarudishe banda la zamani kama lilivyo. Lisugue kwa maji na siki, toa maranda yote, badilisha nafasi za vyombo na maboksi, ndipo uwatie kwa pamoja. Usiku wa kwanza utasikia vurugu. Na baada ya siku 16 hivi utaisikia tena, maana ndio mzunguko wa jike kupata joto, yaani kutaka dume. Hudumu chini ya siku moja, halafu wanarudi kama walivyokuwa.

Mizani ya jikoni sasa ndiyo rafiki yako. Wapime kila wiki na uandike. Mgeni anayezuiwa kula hatakuonyesha kwa macho, manyoya yanaficha, lakini gramu zitasema. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini, hivyo gawa pilipili hoho vipande vingi sehemu nyingi, na msimu wa machungwa ya Muheza kipande kidogo mara mojamoja, sukari yake ni nyingi. Kisamvu kibichi usiwape.

Dume wa pili usimwongeze, hata kama naye amehasiwa. Mbele ya majike watapigana, na hutamaliza.

Mara chache yupo jike ambaye hamtaki dume huyo kabisa, damu inatoka kila mara wakikutana. Mwache na mwenzake mmoja anayeelewana naye, dume mpe waliobaki. Mabanda mawili yawe karibu wasikiane sauti, na ule wavu baina yao usisahau uwe mara mbili.