Zainabu, kuhusu huo mtihani wako wa Desemba

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi. Huku Nairobi sote wazima, baridi ya Agosti ndiyo inamalizikia. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kuhusu JLPT, ule mtihani wa lugha ya Kijapani wenye ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu: Desemba hii, huko Nagoya, Japani, uingie N3 au uiruke uende N2 moja kwa moja, kwa kuwa mwalimu wako amekwambia kampuni hazishughuliki na N3. Nitakujibu. Ila kwanza niambie, unajua alama zenyewe zinahesabiwaje? Maana hakuna kuchagua ngazi kabla ya hilo, na kwenye ukoo wetu yupo mtu aliyeingia bila kulitilia maanani.

Jumla ni 180 kwa kila ngazi. Kuanzia N3 kwenda juu, hizo 180 zimegawanywa mafungu matatu ya 60: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza. N2 unapita kwa 90, N3 kwa 95. Usishangae kuona ngazi ya chini inadai zaidi; kila ngazi ina mizani yake na alama hazilinganishwi. Wengi wakishasoma hapo hufunga daftari, na sharti la pili liko mbele: kila fungu ni lazima ufikishe angalau 19. Ukipata 60 na 60 halafu 18, umeanguka.

Mjomba wako Shee alipata 107.

Kisa unakijua, lakini karatasi yenyewe hukuiona. N2: kusikiliza 53, msamiati na sarufi 37, kusoma 17. Mtu ambaye wageni wa Kijapani walikuwa wakimwulizia kwa jina, aliyewaeleza chui na duma wanatofautianaje huku ameshika usukani Maasai Mara, anaandikiwa hakufaulu. Na mwenzake wa ofisi ileile, kijana asiyeweza kuagiza chai kwa Kijapani bila kutoka jasho, alikuwa na 91 zilizogawanyika vizuri, akapata cheti na nyongeza ya mshahara iliyokuwa imeahidiwa. Mpaka leo nikiikumbuka ile 17 chakula hakipiti. Si kwamba mtihani ulidhulumu, sheria ilikuwa imeandikwa. Lakini 17!

Alikwama wapi? Kwenye saa. N2 ina karatasi mbili tu. Ya pili ni ya kusikiliza, dakika 50. Ya kwanza ni dakika 105, na ndani ya kijitabu kimoja wamekusanya msamiati, sarufi na kusoma, kwa mpangilio huo. Unaanza na maswali madogo madogo hamsini hivi, ndipo unafika kwenye habari za kusoma, ambazo zina maswali ishirini na ushei. Hakuna kengele ya kukwambia hamia huku. Shee alikaa na yale maswali ya neno moja kwenye sentensi nne, ambayo unatafuta sentensi iliyolitumia sawasawa. Kwa mtu anayeijua lugha kwa mdomo, swali hilo ni mtego, kwa sababu kila sentensi anaijaribu kinywani, anaisikia kama inafaa, anaijaribu tena. Alipofika kwenye kusoma alibakiwa na dakika 25. Habari ndefu alizijaza kwa kubahatisha, na lile tangazo la mwisho, ambalo kwa mtu wa kazi yake lingekuwa chai, hakulifungua kabisa.

Sasa msimamo wangu unaujua, nimeusema tangu unakariri hiragana, herufi za mwanzo za Kijapani, kwenye meza ya jikoni: anza na sikio. Najua utakalosema. Sikio la mjomba lilikuwa zima, lilimfaa nini? Nami nimebishana na nafsi yangu juu ya hilo. Wanafunzi wangu waongoza watalii karibu wote walikuwa na sikio kwanza, na karibu wote kusoma ndiko kulikowabana. Pengine kwa watu wa namna yao ningesema anza na jicho. Lakini wewe si Shee. Wewe lugha umeiingiza kwa macho, kwa vitabu vya uhandisi na kwa kadi zako za kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, na kwenye karatasi yako ya N4 nimeona kusikiliza una 24 kati ya 60. Ni tano tu juu ya mstari, na hiyo ni N4, wanakozungumza polepole. Kwa hiyo narudi palepale. Anza na sikio.

Chukua kipande cha mazungumzo cha sekunde 40 hadi 60, kisizidi, chenye maandishi yake. Sikiliza mara mbili bila kuangalia. Andika ulichosikia, hata kama mwandiko ni mbovu. Kisha fungua maandishi, na kila penye pengo jiulize limetokana na nini. Likiwa neno usilolijua, hilo ni la msamiati, liandike upite. Likiwa neno ambalo ukiliona unalijua ila sikio limelikosa, hapo ndipo kwenye alama. Mara nyingi ni yale ambayo mdomo huyafupisha. Kitabu kilikufundisha -te shimau, watu husema -chau. -Te oku huwa -toku, -nakereba huwa -nakya. Uliikariri tabete shimatta, nimeshakula. Chumba cha mtihani kitakuletea tabechatta, mara moja, na sauti hairudiwi. Ukishajua pengo, sema pamoja na sauti, nusu sekunde nyuma yake, mpaka ulimi usijikwae. Kipande kimoja kwa siku kinatosha. Hizo tamthilia unazoweka huku ukipika ni burudani, endelea nazo, ila usizihesabu kuwa masomo.

Urefu wa sauti usikushinde. Anayejua kufa si kufaa hana kisingizio cha kuchanganya obasan, shangazi, na obaasan, bibi. Na si kwenye kusikiliza peke yake: maswali ya kusoma kanji hukuwekea shuchō, shūchō na shucho kwenye safu moja, na aliyejifunza kwa macho tu huchagua kwa kuhisi. Ndiyo maana kila kadi yako ya kanji ilikuwa itamkwe kwa sauti. Nilikwambia, ukasema wenzako bwenini watakucheka.

Kwenye karatasi yenyewe, maswali ya kwanza ya kusikiliza hukuuliza mtu atafanya nini kwanza. Swali linasomwa, mazungumzo yanafuata, na majibu yamechapwa mbele yako. Bosi atasema nakili karatasi za mkutano. Mwanamke atauliza, na viti je? Bosi atajibu sore wa ato de ii, hivyo baadaye, halafu atakumbuka: sono mae ni, kabla ya hayo yote mpigie simu mgeni. Jibu ni simu, na mwenye haraka ameshapaka kiduara cha kunakili. Kalamu isishuke mpaka wamalize, na yappari ikitokea ujue mtu anabadili mawazo. Kuna sehemu ambayo hakijachapwa chochote na swali linakuja baada ya maelezo. Hapo usiandike maneno, andika msemaji anaunga mkono au anapinga, na anataka nini.

Halafu yale ya kujibizana haraka, sentensi moja na majibu matatu. Kaigi no shiryō, kopii shite oite kureru? Mwenzako anaomba umnakilie karatasi za mkutano. Jibu sahihi litakuwa kama nanbu desu ka, nakala ngapi. Mtego utataja kōhii, kahawa, kwa kuwa inafanana na kopii, nakala. Jiulize jambo moja tu: nani anatakiwa atende? Likikupita, paka kiduara chochote uliache liende. Anayeling'ang'ania la tano hulikosa la sita na la saba. Na paka hapohapo, maana hakuna muda wa ziada wa kuhamisha majibu.

Kwenye kusoma nitakupa nilichowapa wengine baada ya Shee. Kati ya dakika 105, msamiati usizidi 15, sarufi 17 au 18. Kwenye yale maswali ya nyota, ambapo vipande vinne vya sentensi vimevurugwa na unaulizwa kipi kinakaa penye nyota, andika mpangilio mzima kwa namba kando ya swali kabla ya kutazama nyota iko nafasi ya ngapi. Wengi hupanga sawa kisha wakapaka kipande kisicho cha nyota. Dakika ya 35 ikifika, uwe umemaliza au hujamaliza, hama. Ruka hadi mwisho wa kijitabu uanze na tangazo: soma swali, ndipo utafute. Litakuwa labda la madarasa ya kuogelea ya mji, bei, siku, umri, na chini kabisa maandishi madogo yenye alama ya ※ kwamba wasio wakazi huongezewa ada au Jumatatu hakuna. Jibu huwa limejificha kwenye hiyo ※. Kisha rudi kwenye habari fupi, za kati, ndefu. Ila ukiruka, weka kidole kwenye namba ya safu ya karatasi ya majibu, kwani safu moja ikiteleza zote zimeteleza.

Kwenye makala za maoni, penye shikashi, yaani lakini, punguza mwendo. Na penye de wa nai darō ka, je, si ndivyo, usidanganywe na sura yake ya swali wala ya kukanusha. Hapo ndipo mwandishi anaposema lake.

Nimekwenda mbali, ulikuwa umeuliza N3 au N2.

N3 ina karatasi tatu: msamiati dakika 30, sarufi na kusoma dakika 70, kusikiliza 40. Kwa hiyo msamiati hauwezi kuiba muda wa kusoma. Karatasi inachukuliwa, unaanza nyingine. Kwa mtu anayejifunza kugawa muda, hiyo ni kinga. Kanji husemwa 650 hivi kwa N3 na 1,000 kwa N2, lakini tangu mtihani ubadilishwe mwaka 2010 kutoka ngazi nne kuwa tano hakuna orodha rasmi, kwa hiyo anayekuuzia orodha kamili anakuuzia makisio. Upande mwingine, mwalimu wako hajakudanganya. Hata kwenye hesabu ya pointi za visa ya wataalamu wa juu, N2 ina pointi 10 na N1 ina 15, na N3 haimo. Na huwezi kuingia ngazi mbili, zote hufanyika siku moja. Ukikosa Desemba, unangoja Julai.

Mimi nisingependa kukuamulia. Una miaka ishirini na sita na huko unaishi wewe. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu wa darasani ningesema neno moja na ungelitii, lakini wewe hukuniuliza kama mwalimu. Au uliniuliza hivyo? Basi nitasema nusu. Mtu mwenye 24 kwenye kusikiliza ya N4 ana sababu ya kuiheshimu N3. Lakini mtu anayesoma Kijapani cha uhandisi kila siku atachoshwa na N3, na uchovu nao unaangusha. Umeona? Siwezi.

Fanya hivi. Kwenye tovuti ya mtihani kuna maswali rasmi ya mfano ya kila ngazi, pamoja na sauti. Chukua ya N2, Jumapili mchana, mlango umefungwa, uyafanye kwa saa bila kusimamisha sauti hata mara moja. Usitafute jumla. Hesabu umepata mangapi kwenye kila fungu kati ya matatu. Alama za kweli hukokotolewa kwa mizani yao, hutazipata nyumbani, ila fungu linalolegea litajionyesha. Kusikiliza ukikosa zaidi ya nusu, sitasema kitu, utajua mwenyewe.

Siku yenyewe beba penseli za HB na kifutio, na saa ya mkononi ya kawaida, kwani ukuta unaweza kuwa hauna saa na zile za kisasa hazikubaliwi. Simu izime kabisa, na kengele ya kukuamsha uiondoe kabla. Ikilia katikati ya mtihani unaweza kutolewa nje, na hapo hakuna fungu litakalohesabiwa. Sauti ya kusikiliza ikishaanza, aliye nje habishi hodi. Nenda msalani wakati wa mapumziko hata kama hujabanwa.

Huko Japani maombi ya Desemba kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Septemba, na Jumapili ya kwanza ya Desemba haimngoji mtu. Kwa hiyo yafanye maswali hayo Jumapili hii au ijayo, kisha nitumie zile namba tatu. Ukinitumia jumla peke yake sitaijibu.

Mama yako