Uliza Shangazi: Mjomba asema yeye ni mchumi bila digrii

*Asalaam aleikum shangazi. Mi nko Langoni, Lamu, nimepata B fom foo na hesabu C+. Nataka digrii ya uchumi lakini baba asema uchumi na bizinesi ni kitu kimoja, bora niende ualimu. Mjomba ana duka la vitambaa nae anicheka, ati yeye ni mchumi toka zamani na hajasoma. Je kuna tofauti? Na hesabu ni nyingi? – Bint wa Langoni*

Waaleikum salaam mwanangu. Mjomba wako mpe heshima yake, mtu anaejua kanzu ziagizwe lini kabla ya Maulidi huyo ana akili. Lakini swali lake ni moja tu, mi ntapata faida vipi. Mchumi anauliza mbona maduka yote ya mtaa yamepandisha bei wiki moja, nani ataumia, na serikali ikiingiza mkono itasaidia ama itaharibu zaidi.

Mwaka wa kwanza utakutana na maikro na makro. Maikro ni mtu mmoja, duka moja, soko moja. Makro ni nchi nzima, mfumko wa bei, ajira, deni la serikali, riba ya Benki Kuu. Hapo bado utakuwa wacheka. Kisha inakuja takwimu, inakuja kalkulasi (ile difarenshesheni mliyoikimbia fom foo mkisema haitakuja kwenye peipa), halafu huko mbele ekonometriki (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) na hapo ndo vilio vinapoanza.

Ntakupa mfano wa nyumbani. Bandari ya Lamu gati la kwanza lilifunguliwa 2021, na kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ilishaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi huo. Sasa mvuvi anakwambia samaki wamepungua, sawa, lakini ni ule mchanga uliochimbwa baharini kujenga bandari, ama ni nyavu za macho madogo, ama kusi mwaka huu imekuwa kali, ama mafuta yamepanda bei boti haziendi mbali? Vyote vimetokea pamoja. Kuvitenganisha, kila kimoja na sehemu yake ya lawama, ndo kazi ya ekonometriki. Na eneo la bahari ambalo babu yako alikuwa akitega bure, ukiambiwa ulitie bei, utaanzia wapi? Mjomba hana jibu hilo na wala si kosa lake, halimuhusu.

C+ ya hesabu si mbaya, vyuo vingi ndo wanapoanzia hapo, lakini kila chuo kina sharti lake kwa hivo fungua tovuti ya KUCCPS (wale wanaowapanga wanafunzi vyuoni) usome kozi moja moja, usisikize maneno ya barazani. Kuna uchumi mtupu, kuna uchumi na takwimu, kuna uchumi na fedha. Kama waogopa hesabu usijitie ule wa takwimu kwa sababu jina limekupendeza. Na baba mwambie hivi, kaunti zote 47 lazima ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ofisi za mipango ndo wanakokaa wachumi. Hata Lamu iko.

*Shangazi, kijana wangu amepata koleji Marekani, kozi yaitwa liberal arts. Mi nikajua ni uchoraji! Tena ati mpaka mwaka wa pili hajui atasomea nini. Si tapeli hao? – Mama wa Barani, Malindi*

Si tapeli dada yangu na wala si kuchora. Hapa kwetu unachagua kozi kabla hujaingia, kule miaka miwili ya mwanzo wanaonja onja, historia kidogo, uchumi, falsafa, baiolojia, ndo wanachagua meja, yaani somo kuu. Jina lenyewe ni la zamani, zilikuwa fani saba, sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kusema), hesabu, jometri, muziki na falaki (elimu ya nyota). Hebu zisome tena pole pole. Nahau (ndo hiyo sarufi), mantiki, balagha, falaki, si ndo hizo hizo masheikh zetu wanazozijua? Toa muziki tu hapo, huo wataugombania. Michael Kremer aliepata Nobel ya uchumi 2019 digrii yake ya kwanza pale Harvard ilikuwa masomo ya jamii, akaja kufundisha magharibi mwa Kenya, baadae ndo ukaja ule utafiti wa dawa za minyoo kwenye shule za Busia.

Mi wasiwasi wangu uko kwenye ile barua ya msaada wa karo. Keti na kijana muisome mstari kwa mstari, kipi ni ruzuku na kipi ni mkopo, manake wanaviandika pamoja na jumla inapendeza macho. Tena uliza bima ya afya, chakula cha likizo na tiketi nani atalipa.

*Hesabu nimepata D+ lakini gredi yangu ni C+. Uchumi nautaka sana. Nifanyeje? – Kijana wa Shela*

Uchumi kwa sasa uache, ntakuwa nakudanganya nikisema vingine. Angalia sayansi ya siasa, jiografia, sosholojia. Elinor Ostrom digrii zake zilikuwa za siasa na 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, na alichochunguza ni vile watu wanavotunza msitu ama bahari ya wote kwa sheria zao wenyewe, yaani mambo ya BMU zenu hizo, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo. Ila takwimu haikwepeki, hata sosholojia wanaisoma, usije ukarudi kunambia shangazi hukunambia.