Mzee Akitaja Mwaka Usio Wenyewe

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasoma chuo mwaka wa 3, na utafiti wangu ni maisha ya manamba, wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga. Juzi nilimrekodi mzee mmoja wa Pongwe aliyeletwa kutoka Songea akiwa kijana. Akasema mashamba yalitaifishwa mwaka wa Uhuru. Nikamwambia, hapana babu, ni 1967, baada ya Azimio la Arusha. Akarudia vilevile, nami nikamsahihisha tena. Tangu hapo akawa ananijibu "ndiyo" na "sikumbuki" basi. Nimebaki na rekodi ya dakika 22. Niifute, nitafute mwingine mwenye kumbukumbu nzuri?
Mwanafunzi, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usifute hata sekunde moja.

Mwaka wa kutaifishwa unao tayari, umeandikwa vitabuni. Hukupanda daladala hadi Pongwe kuufuata huo. Ulichokifuata ni yale ambayo hayakuandikwa popote, na mzee alikuwa ameanza kukupa.

Mtafiti wa Italia, Alessandro Portelli, aliwahoji wafanyakazi wa mji wa viwanda vya chuma wa Terni juu ya kijana Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi Machi 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yao kuingia NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Wengi walimwambia kijana yule alikufa 1953, katika ghasia za wafanyakazi walioachishwa kazi kwa wingi. Portelli hakuwatupa. Alijiuliza kifo kimehamaje miaka 4, akaona watu wamekipeleka kwenye vita vilivyowauma zaidi, vita vya ajira yao.

Sasa mtazame mzee wako. Bendera ilipanda Desemba 1961, lakini huenda asubuhi iliyofuata aliamka akaenda kukata mkonge kwa tajiri yuleyule. Huenda kwake Uhuru ulifika siku tajiri alipoondoka. Hayo usiyaandike kwa kukisia; rudi ukamuulize: "Babu, siku ile ya Uhuru ulikuwa wapi? Kazini palibadilika nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Mzee akitua, hesabu moyoni hadi 10 kabla hujatia neno. Mara nyingi anavuta pumzi tu.

Na mimi niliumia hapo. Mahojiano yangu ya kwanza nilikwenda Muheza na maswali 40 kwenye karatasi, kwa bibi mmoja mjane wa manamba. Nusu saa tukamaliza, nikazima kinasa sauti, nikakunja karatasi. Ndipo akainuka, akafungua sanduku, akatoa kipande cha marehemu mumewe, ile kadi ya kuwekewa alama kila siku ya kazi hadi zitimie 30 ndipo mtu alipwe. Akaanza kunieleza siku ambazo mumewe aliumwa, alama haikuwekwa, na walikula nini mwezi ule. Nikaona haya kumwambia asubiri niwashe. Nimebaki na vijineno vichache kwenye daftari, na bibi amekwishafariki.

Kwa hiyo safari ya pili usimuulize miaka. Muulize namba aliyopewa, maana jina lenyewe manamba limetoka huko. Muulize kelele za korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, vidole na miiba, kambini alilala na nani. Miaka ipime kwa mambo yake: alikuwa ameoa? Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Mkewe akidakia kumkosoa, waache wabishane, wewe rekodi. Na Kiswahili chake usikisafishe unapoandika. Akichanganya Kingoni, lugha ya kwao Songea, kibaki hivyohivyo. Mwaka wake uache ndani ya maneno yake, 1967 uiweke tanbihi.

Barua ya chuo mpe mwenyekiti wa kijiji au mtaa kwanza. Ruhusa ya mzee irekodiwe kwa sauti yake mwenyewe, pamoja na tarehe na mahali. Ukiona wingu, ahirisha, kwani mvua juu ya bati inameza kila kitu.

Kabla ya yote, mwombe radhi. Nenda jioni na sukari na majani ya chai, simu ikae mfukoni, umwambie: "Babu, juzi nilikukatiza. Nimekuja kusikiliza." Akikukaribisha tena, anza na ile namba.