Kabla hujafunga naitrasi, uliza petroli itatoka wapi

Vijana wanaonifuata kuhusu naitrasi, ile gesi ya mtungini inayopuliziwa kwenye injini ili iongeze nguvu, swali lao ni moja: "Kaka, inaongeza nguvu za farasi ngapi?" Mimi huwauliza petroli ya ziada itatoka wapi. Naitrasi yenyewe haiungui. Kazi yake ni kubeba oksijeni, asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa tunayovuta ina kama 23. Ikipata joto la nyuzi 300 hivi ndani ya silinda inavunjika na kuiachia oksijeni hiyo, nayo inadai petroli ya kuunguza. Isipoipata, injini inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni hutoboka kabla hujatoa mguu kwenye mafuta. Aina za mifumo zinatofautiana hasa hapo, kwenye njia ya petroli.

Mfumo mkavu, ambao mafundi huuita drai, unapuliza naitrasi peke yake kwenye bomba la hewa. Petroli inaongezwa na injekta zilezile za gari, vile vifaa vinavyoipulizia injini mafuta: ama presha ya mafuta inapandishwa, kama mifumo ya zamani ilivyofanya, ama kontroli boksi, kompyuta ya injini, inapangwa upya ili injekta zikae wazi muda mrefu zaidi. Kufunga ni rahisi na manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, inabaki kavu. Lakini injekta zina kikomo. Na gari zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa na umri mkubwa, pampu ya mafuta ni ileile ya kiwandani, imechoka. Ukiiongezea mzigo inanywea pale pale unapoihitaji.

Mfumo wa maji, yaani weti, unakuja na solenoidi (valvu za umeme) mbili, moja ya naitrasi, nyingine ya petroli, vyote vinakutana kwenye nozeli. Mimi ndiyo niliyoifunga kwenye Toyota Altezza yangu, na kwa injini ya injekta isiyo na turbo naipendekeza, ila kwa kipimo kidogo: farasi 50, basi. 3S-GE, injini ya Altezza, ina kompresheni (inavyobana mchanganyiko) ya zaidi ya 11 kwa 1, haina nafasi ya masihara. Tatizo la weti ni kwamba manifodi ya gari la injekta ilitengenezwa ipitishe hewa tu. Ukiipulizia petroli injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, inatuama kwenye kona, siku ikishika moto manifodi inapasuka. Kwa hiyo yangu haifunguki mpaka pedali iwe imekanyagwa hadi chini na injini ipite mizunguko 3,000 kwa dakika. Swichi zote mbili, ya pedali na ya mizunguko, ziwepo, msikubali fundi awaambie kitufe cha usukani kinatosha.

Dairekti poti inaweka nozeli kwenye mlango wa kila silinda, kila moja inapata haki yake sawasawa. Ni ya gari za mashindano. Manifodi inatobolewa, bei inauma. Ile ya sahani inayokaa chini ya kabureta ni ya V8 za Kimarekani, injini za silinda nane, hapa kwetu utaitafuta kwa tochi.

Yoyote utakayochagua, pima presha ya mafuta gari likiwa kwenye mzigo, si likiwa limesimama gereji injini ikiunguruma tu. Weka plagi za baridi kwa daraja moja, yaani zinazopoa haraka zaidi, na taiming, wakati wa cheche kuwaka, irudishwe nyuma kama digrii 2 kwa kila farasi 50.

Halafu kuna mtungi. Ulaze lebo ikiwa juu na valvu ikielekea mbele ya gari, ili ukiondoka kwa kasi majimaji yarudi nyuma ulipo mdomo wa mrija wa ndani. Presha nzuri ya mtungi ni psi (kipimo cha presha) 900 hadi 950. Wenzetu wa Ulaya hununua hita ya mtungi. Sisi wa Dar shida yetu ni jua. Naitrasi ikipita nyuzi 36.4 haiwezi tena kukaa kama majimaji, presha inapita 1,000 na kuendelea kupanda, na kipimo chote ulichopangiwa na fundi kinavurugika. Buti la gari lililoegeshwa Kariakoo saa nane mchana linapita hapo bila taabu. Mimi nikijua gari litashinda juani, mtungi nauacha nyumbani.